Feriki kloraidi ya kutia nakshi kwenye shaba: chombo gani, na maji yake machafu yaende wapi?

NakshiZaAmu (Langoni, Lamu)

Assalamu alaikum wakubwa, na vijana wenzangu habari za leo.

Mimi ni fundi wa shaba hapa Amu. Natengeneza masinia, vibao vya majina ya nyumba na bamba ndogo za kupigiliwa kwenye makasha. Nakshi natia kwa patasi na nyundo kama nilivyofunzwa na babu. Sasa nimepata mteja anayetaka bamba nyingi za shaba ya manjano zenye maandishi ya Kiarabu membamba sana, na patasi ikiteleza kidogo tu neno lishaharibika. Rafiki yangu fundi wa redio akaniambia mafundi wa saketi wana dawa inaitwa feriki kloraidi. Unapaka rangi pale usipotaka paliwe, unatumbukiza bamba, dawa inakula palipobaki wazi.

Nimeagiza kilo moja Mombasa, ikaja kwa basi mpaka Mokowe, halafu boti. Ni mabonge ya manjano yaliyoiva, yamelowa lowa, na mfuko umeanza kuacha madoa ya kutu kwenye meza. Bado sijaigusa. Muuzaji hakuniandikia chochote isipokuwa jina.

Nataka kujua kama naweza kuiyeyusha kwenye sufuria kubwa niliyo nayo, na kama mvuke wake una madhara, maana karakana yangu ni chumba cha chini cha nyumba ya zamani, kina dirisha moja. Lakini kinachonisumbua zaidi ni maji yatakayobaki. Uani kwetu kuna kisima, mama anakitumia kuoshea na kujaza birika. Mfereji wa kichochoro unapita mlangoni na kwenda zake baharini. Niyapeleke wapi?

Natanguliza shukrani.


FundiSaketi (Malindi)

Waalaikum salaam. Hiyo dawa naitumia kila wiki, haina makuu. Sufuria USITIE, itatoboka. Tumia beseni la plastiki. Bamba lilaze kifudifudi, upande wa maandishi uangalie chini, ulishikilie kwa utepe wa plastiki lisiguse sakafu ya beseni. Ukililaza chali, masimbi yanayotoka yanakaa juu ya mistari na dawa haifiki vizuri. Rangi ya kucha inatosha kufunika, paka mara mbili, na usisahau mgongo wa bamba na kingo zake.

Ukitaka iende haraka, beseni la dawa liweke ndani ya beseni jingine lenye maji moto. Tingisha taratibu. Wachoraji wa Ulaya wanaongeza unga wa asidi ya limau ili mistari itoke safi, hata mimi nimejaribu, ni kweli.

Maji yakichoka mimi namwaga chooni na ndoo mbili za maji. Sijaona shida.


MajiYaChumvi (Malindi)

Kijana wangu wa Langoni, jirani yangu hapo juu amekupa maneno ya fundi anayeijua kazi yake, na habari ya kulaza bamba kifudifudi ishike. Lakini hilo la kumwaga chooni naomba usilifuate, na yeye nitamwomba aliache. Nitaandika marefu kwa sababu dawa hii nimeishi nayo.

Nimefanya kazi miaka mingi Ghuba, kwenye mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji ya bahari, kabla ya kurudi nyumbani. Feriki kloraidi kule ilikuja kwa malori, imeshayeyushwa, nguvu yake asilimia 40 hivi. Hatukulia shaba, tulisafishia maji. Maji ya bahari hayasukumwi kwenye tando za kuchujia chumvi yakiwa na uchafu, yataziba. Kwa hiyo unatia dawa kidogo, miligramu chache kwa kila lita, chuma kilichomo ndani yake kinageuka mabonge mepesi ya rangi ya kutu, mabonge yanazoa uchafu, na chujio la mchanga linayadaka. Ukizidisha, chuma chenyewe kinakwenda kuchafua tando. Kila zamu ilianza kwa kuangalia kipimo cha pampu ya dawa hiyo.

Watu wa Malindi wanaojua mto Sabaki ukifurika watanielewa upesi. Bahari yote mbele ya mji inageuka rangi ya udongo, na udongo ule haukubali kuzama. Chembe zake ni ndogo mno na zote zina chaji hasi, basi zinasukumana na kuelea siku nyingi. Chuma cha feriki kina chaji chanya. Kinazituliza, zinashikana, zinazama. Shabu ya dukani ambayo mama zetu walizungushia kwenye ndoo ya maji machafu inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Miji mingi duniani inasafisha maji ya bomba kwa feriki. Kwenye maji taka inatumika kuzuia ile harufu ya mayai yaliyooza na kuondoa fosfati, na palipo na sumu ya aseniki kwenye maji ya chini inasaidia kuinasa. Viwandani inaharakisha mwungano wa klorini na ethilini, hatua ya mwanzo ya kutengeneza plastiki ya PVC, ile ya mabomba yetu. Na wenye kuuza stenlesi wanaijaribu kwa kuitumbukiza kwenye myeyusho wa feriki wa asilimia 6, waone kama itatoboka. Fikiria hilo unapouliza habari ya sufuria! Kitu kinachotoboa stenlesi, alumini kinaila kwa vurugu: inachemka, inatoa joto na hidrojeni, gesi inayoshika moto. Sufuria, kijiko, ndoo ya bati, sinki ya stenlesi, vyote mbali. Kule matangi yetu yalikuwa ya plastiki nzito au ya chuma kilichovikwa mpira ndani, na palipohitajika madini kabisa tuliweka titani. Wewe plastiki na kioo vinakutosha.

Sasa kuyeyusha. Mabonge ya manjano yaliyolowa ni yale ambayo tayari yana maji ndani yake, na hayo ni mapole kiasi. Kuna aina nyingine, kavu kabisa, nyeusi yenye mng'ao wa kijani, hiyo ikikutana na maji inachemka na kutoa mvuke wa asidi ya hidrokloriki. Kwa aina zote mbili kanuni ni moja: maji kwanza kwenye chombo, kisha dawa ndani ya maji, kidogo kidogo, ukikoroga kwa mti au plastiki. Usimwage maji juu ya dawa. Kwa mabonge yako, gramu 400 hadi 500 kwa lita moja ya maji ni nguvu ya kutosha. Itapata joto, iache ipoe.

Mvuke. Ikiwa baridi haitoi mvuke wa kukutisha, lakini kadiri unavyoipasha ndivyo asidi inavyopanda hewani. Jirani amesema maji moto, mimi nasema joto la Amu linatosha. Ukipasha usipite nyuzi 40 hivi, na usiweke juu ya jiko kabisa. Chumba chako cha chini chenye dirisha moja hakifai. Panda juu darini, mahali penye upepo, uupe upepo mgongo. Na patasi zako, misumeno, randa, usiviache chumba kimoja na dawa iliyo wazi. Hewa yake itavitia kutu vyote.

Mwilini: myeyusho huu ni asidi kali, pH yake (namba ya kupimia asidi, ikipungua ndivyo asidi inavyozidi) iko chini ya 2. Vaa glavu za mpira ndefu, aproni ya plastiki na miwani ya kinga inayoziba pembeni. Miwani ya jua haikingi kitu. Mkono ukilowa, osha kwa maji mengi. Doa la kahawia litabaki siku kadhaa. Weka ndoo mbili za maji safi hapo hapo unapofanya kazi kabla hujafungua mfuko, kwa sababu ikiruka jichoni hutakuwa na nafasi ya kuteremka ngazi kutafuta kisima.

Nije kwenye lililonifanya niandike. Feriki mpya ubaya wake ni asidi, na asidi inatulizwa. Lakini ikishakula bamba zako haiko tena feriki tupu. Kila chembe ya shaba iliyotoka kwenye mistari yako iko ndani ya maji yale imeyeyuka, na kwa kuwa unatumia shaba ya manjano, zinki nayo imo. Utaiona rangi inavyotoka kahawia kwenda kijani cheusi. Lita moja iliyochoka inaweza kubeba gramu 50 za shaba. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha shaba kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita. Piga hesabu: lita moja ya maji yako machafu inatosha kufikisha lita 25,000 kwenye kikomo hicho. Ndoo mbili za jirani yangu haziondoi hata chembe moja. Zinaisukuma tu iende chini.

Na chini Amu kuna nini? Maji tamu ya kisiwa yamekaa juu ya maji ya chumvi, tabaka lililotokana na mvua, na vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyolisha mji kwa maji. Shimo la choo na kisima uani havina umbali wa kutosha kati yao. Baharini nako usipeleke. Wenye mashua wanapaka chini rangi yenye shaba kwa sababu shaba inaua vidudu vinavyotaka kuota pale. Kinachomuua chaza kwenye ubao kitamuua na kamba mchanga kwenye mikoko, na kwa samaki kiasi kinachodhuru ni kidogo sana kuliko kile kikomo cha binadamu.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua ndoo kubwa ya plastiki, mimina humo maji yaliyochoka yasizidi robo ya ndoo, uyaongeze maji ya kawaida mara mbili yake. Kisha tia magadi, kijiko kwa kijiko. Yatapanda povu kwa nguvu, ndiyo maana nimekuambia robo, na usifunike, hiyo ni gesi inatoka. Povu likikoma kabisa, pima pH kwa karatasi ya litmasi ya rangi nyingi, ile yenye namba. Unataka kati ya 8 na 9. Hapo shaba, zinki na chuma vinageuka tope zito la kahawia lenye ukijani na kukaa chini. Acha mpaka kesho yake. Maji ya juu yakiwa bado na ubuluu au ukijani, shaba imo, ongeza magadi. Yakiwa meupe, yateke taratibu uyaweke kwenye beseni pana juani darini yakauke. Kwa jua letu hutangoja sana, na utakuwa hujamwaga hata tone mferejini. Tope lichuje kwa kitambaa, likaushe, litie kwenye chombo chenye kifuniko na jina.

Jambo moja kwa jirani fundi: asidi ya limau inasafisha mistari kweli, mbinu ile ilianzia Edinburgh miaka ya 1990 na wachoraji wanaipenda. Lakini inaishika shaba na kuizuia isizame ukitia magadi. Huko Ulaya mtu anapeleka dumu lake kwenye kituo cha taka za sumu, wamalizane nalo wao. Kijana wa Langoni hana kituo mlangoni. Kwake yeye afadhali mistari isiyong'aa sana kuliko maji asiyoweza kuyasafisha.


FundiSaketi (Malindi)

Mzee nimekusoma. Hiyo hesabu ya lita 25,000 sikuwahi kuipiga. Swali langu: tope likishakauka linakwenda wapi? Maana ukilitupa jaa la taka mvua itaosha yale yale.


MajiYaChumvi (Malindi)

Umeuliza penyewe. Jaa la kawaida hapana, tope likikutana na tindikali shaba itarudi kuyeyuka. Viwandani taka za madini wanazifunga kwa saruji, zikiganda haziachii kwa urahisi, lakini hata bonge hilo ni taka ya sumu, halijengewi kitu. Njia ya haki ni kulikusanya. Kilo moja ya dawa inatoa tope dogo, fundi mmoja atajaza dumu la lita tano baada ya muda mrefu. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inatoa leseni kwa wanaosafirisha taka za sumu, na wana ofisi za kaunti. Ulizeni hapo nani ana leseni anayefika pwani. Kumwita kwa dumu moja tu gharama yake hailipi, lakini wewe, kijana wa Amu na wenzenu wa saketi mkiweka pamoja inakuwa mzigo unaobebeka.


MuuguziWaPwani (Lamu)

Naongeza upande wangu tu. Ikiingia jichoni, fungua kope kwa vidole na mimina maji safi mfululizo dakika 15 au zaidi, KISHA hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Watu wanakimbilia boti kwanza, wakifika jicho limeshaungua. Usitie magadi jichoni wala kwenye ngozi ati kuiua asidi, maji peke yake. Mtu akiinywa asilazimishwe kutapika, asukutue kinywa, aletwe upesi, na mje na chombo chenye jina la dawa ili tujue tunapambana na nini.

Na nawasihi, msiitie kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Ikiwa imeyeyushwa inafanana kabisa na ukwaju. Nyumba zetu zina watoto, na mtoto mwenye kiu hasomi.

Jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nayo isikae karibu. Hiyo dawa ikichanganyika na jiki inatoka klorini, gesi ya kuziba pumzi. Kwenye nyumba ya ghorofa yenye ua mdogo gesi hiyo haina pa kwenda.


NakshiZaAmu (Langoni, Lamu)

Allah awalipe kheri nyote. Mzee MajiYaChumvi, nimesoma kila neno mara mbili na nimemsomea mama, naye amesema kama si hivyo basi mfuko urudi Mombasa.

Nimeshapata mahali. Mjomba ana dari iliyo wazi upande wa Mkomani, hakuna kisima chini yake na upepo wa kusi unapita. Nina mambo mawili ya mwisho. Hapa Amu chokaa ya matumbawe inapatikana kwa urahisi kuliko magadi, tunayo mifuko nyumbani ya kutengenezea kuta. Naweza kuitumia kuua asidi? Na la pili, mjomba ana mashine ya boti ameiweka pale pale darini anaitengeneza. Ina neno?


MajiYaChumvi (Malindi)

Mama yako amesema sawa, mpe salamu zangu.

Chokaa inafaa, tena viwandani ndiyo inayotumika zaidi kuliko magadi. Kuna tofauti ya kuangalia. Chokaa iliyozimwa na kufungwa vizuri ina nguvu, haitoi povu sana lakini inatoa joto, kwa hiyo ikoroge kwanza kwenye maji iwe kama uji mwepesi, ndipo uitie kidogo kidogo, na vaa miwani maana yenyewe pia inaunguza jicho. Ukipita namba 9 acha kutia, usirundike. Chokaa iliyokaa wazi muda mrefu imesharudi nusu mawe. Itatoa povu na kuua asidi, lakini huenda isikufikishe kwenye 8. Ikigoma hapo, malizia kwa magadi. Chokaa ambayo haijazimwa usiitie kabisa, itachemsha ndoo. Na ujue tope la chokaa ni jingi kuliko la magadi, utajaza dumu mapema.

Mashine ya boti iteremshwe kabla hujafungua mfuko. Gamba lake la nje ni alumini, na tone likiangukia pale mjomba ataona shimo, si doa. Mvuke nao utakaa kwenye nyaya na misumari yake. Kama haiwezi kuteremka, ngojea amalize aipeleke.

Kuhusu kubeba: ukishayeyusha kwa nguvu niliyokupa, ni nzito kuliko maji. Ile ya viwandani ya asilimia 40, dumu la lita 20 lina karibu kilo 28. Usimtwishe punda dumu lililojaa kwenye vichochoro vile. Peleka mabonge yenyewe kabla hujayayeyusha, ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha, uyeyushie huko huko darini, na kila chombo kiwe ndani ya beseni jingine ili kikivuja kisifike kwenye sakafu ya chokaa ya mjomba.

Anza na kipande cha shaba cha majaribio, ukubwa wa kiganja, kitoe kila dakika kumi ukioshe uangalie kina cha mstari. Shaba ya manjano haziliki sawa, inategemea zinki iliyomo. Ukikitoa kwa mara ya mwisho, maji ya kwanza ya kukioshea nayo yana shaba. Yaende kwenye ndoo ya magadi pamoja na mengine.


NakshiZaAmu (Langoni, Lamu)

Nimeelewa, mzee. Mashine inateremshwa Jumamosi. Litmasi nimeshamwagiza mwanafunzi wa maabara anayekuja kutoka Mombasa. Nikimaliza kipande cha kwanza nitaweka picha ya bamba na picha ya ndoo siku ya pili yake, mniambie kama maji yametosha kuwa meupe.